Muulize Kabla Hujamhukumu



Naanza na kosa langu. Miaka kadhaa nyuma rafiki yangu alinitumia ujumbe usiku: niombee dua, nimechoka. Nikamjibu "Allah akufanyie wepesi", nikalala zangu. Asubuhi naskia yuko hospitali, amejaribu kujitoa uhai. Alhamdulillah, alipona. Lakini nilipoenda kumjulia hali nikakuta watu wanazungumza dhambi yake, na mwengine anauliza kama polisi wameshafika. Hakuna aliyemuuliza: ndugu yetu, nini kilikusibu? Hata mimi sikumuuliza.

Wengine husema haya ni mambo ya wazungu. Wallahi si kweli. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hii ni sababu ya tatu ya vifo.

Na haiwi kwa jambo moja tu. Kuna sonona, unga, pombe, kudhulumiwa nyumbani, madeni, kukosa kazi, kuachwa, kufiwa. Mambo yanarundikana na mtu hana wa kumwambia. Aliye hatarini zaidi ni yule aliyewahi kujaribu, na huyo ndiye sisi tunamkimbia.

Kujiua ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini ile aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inayokataza, inamalizia kwa kutaja rehema ya Allah kwetu. Sisi tunashika katazo, rehema tunaiacha. Nabii Yaqub, alayhi salaam, alihuzunika mpaka macho yake yakaingia weupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Basi usimwambie mwenzako "wewe huswali ndio maana". Huenda anaswali na bado anaumia. Aswali, na daktari pia amuone.

Upande wa sheria, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ni hatua kubwa ya haki. Lakini mahakama haiwezi kufuta kesi tunazowafungulia watu barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kwa hivyo nawaomba jambo moja. Mwenzako akijitenga, akianza kugawa vitu vyake, akisema amechoka na maisha, usimjibu kwa dua pekee. Mpigie, mwendee. Muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Usiogope, kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Kisha msikilize, usimwache peke yake, na mfuatane hospitali.

Na kama ni wewe unayesoma na moyo umekuelemea, mwambie mtu leo hii. Msalaba Mwekundu wana laini ya bure, 1199. Kwa watoto ni 116. Wewe si mzigo kwetu.

Rafiki yangu yuko hai. Siku hizi akiniandikia usiku, napiga simu hapo hapo.

Allah atuhifadhi sote. Wabillahi tawfiq.