Tupige Hodi Kabla ya Kupiga Picha

(Hotuba kwa wahitimu wa kisomo, Digodigo)



Leo hatukuja na ubao wala chaki. Tumekuja na simu. Wengi wenu mnazo simu zenye kamera, na mnapenda kupiga picha mkienda safari. Si vibaya. Lakini kila chombo kina kanuni zake. Hata maji ya mifereji yetu hapa Digodigo yana kanuni. Hakuna anayejifungulia maji kabla ya zamu yake, sivyo? Basi na picha ya mtu ni hivyo hivyo.

Mnakumbuka mwaka 2011. Maelfu ya watu walifika kwa majirani zetu wa Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Pamoja na wagonjwa, walikuja pia watu wenye kamera. Wengine waliomba ruhusa, wengine hawakuomba. Picha za wagonjwa zikaonekana magazetini na katika runinga. Sisi wenyeji tulinung'unika. Tulisema, "Jamani, mtu anaumwa, nanyi mnampiga picha!" Tulikuwa na haki ya kunung'unika.

Sasa sikilizeni tuliyoyafanya sisi wenyewe.

Tulisafiri kwenda Arusha, walimu na wanakisomo kumi na wawili. Tulipita Sale, tukateremka Ngaresero, tukapita Mto wa Mbu, hadi tukafika mjini. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza. Tuliona Mnara wa Saa. Tuliona Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile azimio la mwaka 1967 tunalolisoma vitabuni. Halafu tukapotea njia.

Karibu na soko tulikutana na kijana mwenye mkokoteni. Alimwamkia mama yetu mmoja, "Shikamoo mama," akampokea kikapu chake. Alitutembeza mpaka stendi, na pesa tulizompa akazikataa. Tulifurahi sana. Mmoja wetu akatoa simu akampiga picha. Kijana akacheka. Sisi tukaona kicheko kile ni ruhusa. Hatukumwuliza lolote, hata jina lake.

Jioni tuliituma picha ile kwa jamaa na marafiki, na maneno haya: "Kijana huyu ametusaidia Arusha." Maneno mazuri, sivyo? Lakini picha ikaondoka bila maneno yetu. Mtu fulani huko mbele akaandika maneno yake: "Jihadharini na mwizi huyu wa sokoni." Baada ya wiki tatu ikaturudia sisi wenyewe, uso ule ule unaocheka, na neno mwizi chini yake.

Tuliporudi Arusha tulimtafuta. Safari hii hakucheka. Alisema wateja wengi hawampi tena mizigo. Siku moja watu walimzunguka na fimbo, akaokolewa na mama lishe anayemfahamu. Ndugu zangu, mnajua mtu akiitwa mwizi sokoni hupatwa na nini. Kijana yule angeweza kufa kwa ajili ya picha yetu.

Tuliomba radhi. Tulikwenda naye kwa mwenyekiti wa soko, tukaeleza yote. Tukawatumia ukweli wote tuliowatumia picha. Lakini uongo ulikuwa umefika tusikokujua. Maji yakimwagika hayazoleki. Kijana akatuambia, "Mlikuwa wageni, nikawaonyesha njia. Lakini jina langu hamkuliuliza."

Neno hilo lilituchoma. Hata zamani picha za namna hiyo zilikuwepo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wapiga picha wa Unguja, kama Gomes na ndugu wa Coutinho, waliuza kadi za posta zenye sura za watu. Sura nyingi zimebaki, majina hayakuandikwa. Ni bibi wa nani yule? Kadi haisemi. Sisi tunaojua kusoma na kuandika tusifanye hivyo.

Basi tumekubaliana mambo haya.

Kwanza, tupige hodi. Tuseme, "Samahani ndugu, naomba kukupiga picha." Kicheko cha mtu ni ukarimu wake, si ruhusa.

Pili, tumwulize jina, na tumweleze picha itakwenda wapi. Kubaki simuni ni jambo moja, kutumwa kwa watu ni jambo jingine. Akikubali la kwanza, la pili bado tuliombe.

Tatu, akikataa tuseme asante, tuweke simu mfukoni. Kwa mtoto tumwombe mzazi wake. Mgonjwa na mfiwa tuwaache.

Nne, tukiahidi kumpelekea mtu picha yake, tumpelekee.

Tano, ikitufikia picha ya mtu anayeitwa mwizi au mchawi, tusiitume mbele. Tuulize: Nani kasema? Ameona wapi? Kama kuna kosa, polisi wapo.

Tena kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutangaza habari za uongo kwa nia ya kumkashifu mtu au kudanganya watu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Lakini tusingoje sheria itufundishe adabu ambayo wazazi wetu walitufundisha mlangoni.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka 2011 kamera za wageni zilitukera. Tulipokuwa wageni sisi, tukafanya yale yale.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja apige picha moja ya mtu aliyemwomba na akakubali. Aandike daftarini jina lake, mahali na tarehe. Kisha amsomee mwenyewe alichoandika. Akisema si sawa, futa, uandike upya.