Baba Akifa, Nani Anashika Ufunguo?

Vijana wenzangu, leo tuongee jambo ambalo nyumbani halisemwi: mirathi.

Unajua inavyokuwa. Tanga halijaanuliwa, baba mkubwa ameshabeba redio na hati ya shamba, eti "anatunza". Wewe una miaka 16, unatazama chini. Mama anaambiwa hana chake.

Sikiliza. Kuwa kaka wa marehemu hakumpi mtu ufunguo. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Pateni cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, mwende Mahakama ya Mwanzo. Kwanza linatolewa tangazo, mwenye pingamizi aseme. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi 4 kupeleka orodha ya mali na madeni. Ndiyo, na madeni! Yanalipwa kabla ya kugawana. Akianza kula mali, rudini mahakamani mwombe aondolewe.

Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimpa binti fungu dogo kuliko kaka zake, na mjane aliachwa mikononi mwa watoto wake. Ndiyo maana wosia una kazi.

Sasa mzee anaumwa. Utamwulizaje? Watasema unamchuria. Mimi naona usianze na neno wosia. Muulize: "Baba, karatasi za shamba ziko wapi? Nani tunamdai?" Akikubali kuendelea, mwambie RITA wanasaidia kuandika wosia na kuutunza. Akinuna, mpe dawa zake, uliza siku nyingine.