Tusing'oe Shamba Lote
Maneno ya kamati ya mashamba kwenye mkutano wa wanachama, Bukavu

Sisi wa kamati ya mashamba tumepewa nafasi ya kusema juu ya migomba. Tutaanza na deni letu.

Msimu uliopita tuligawa vichipukizi vya mgomba kwa wanachama waliorudi Kabare na Walungu. Tulivitoa kwenye shamba moja tu, vinene, vya kijani, na bila kulipa hata franka moja. Tulifurahi, tukaandika kwenye ripoti kwamba kazi imeisha. Miezi ikapita, mama mmoja akatuita. Majani yamelegea na kuwa manjano kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zimekuwa kahawia. Akaita wa pili, akaita wa tatu. Ugonjwa tuliupeleka sisi wenyewe. Kosa hili hatumsukumii mtu mwingine.

Wafadhili wetu, mgomba kwetu si tunda tu. Mtu aliyerudi kutoka ukimbizini anakuta nyumba imeanguka na mbuzi wameisha. Mgomba ndio unaomsimamisha. Bitoke vinaingia kwenye sufuria, kasiksi inaenda kwenye harusi na kwenye msiba, na mkungu unaobaki unauzwa Kadutu ili mtoto apate minervali. Shamba likinyauka, mtoto anarudishwa nyumbani.

Ugonjwa huu unaletwa na bakteria. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 kule Ethiopia, kwenye enseti, mmea ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huohuo ukaonekana Masisi, Kivu Kaskazini. Baadaye ukashuka mpaka kwetu. Wenzetu waliokaa Uganda wanaujua kwa jina la kiwotoka, na waliokaa Rwanda au Burundi wanasema kirabiranya. Ni huohuo mmoja.

Unatembea kwa njia kubwa tatu. Ya kwanza ni mpanga: ukikata mgomba mgonjwa, halafu ukakata mzima bila kusafisha chuma, umeshampandikiza. Ya pili ni wadudu, wanaofuata utamu kwenye lile ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu. Ya tatu ndiyo iliyotuangusha: kichipukizi kinaweza kuwa na ugonjwa ndani, na nje kikaonekana kizima kabisa. Ndiyo maana kutazama kwa macho hakukutosha.

Sasa, dawa ya kuponya mgomba uliokwisha kushikwa haipo. Mtu akikuuzia chupa sokoni akisema inaponya, rudi nyumbani na franka zako.

Zamani shauri lilikuwa moja: ng'oa shina lote na watoto wake wote, uzike, ungoje kama miezi sita ndipo upande tena. Shauri hilo lina ukweli ndani yake, lakini jaribu kumwambia mama mwenye shamba moja tu. Kung'oa shina lenye mizizi yote ni kazi ya wanaume wenye nguvu, na wengi wetu ni wajane na wazee. Tena, kutoka kupanda upya mpaka kuvuna ni zaidi ya mwaka. Watu walikataa, wakaficha ugonjwa, nao ukaenea. Tusiwalaumu.

Watafiti wa INERA pale Mulungu, pamoja na wenzao wa Bioversity International, wamejaribu njia nyingine hapa kwetu Kivu Kusini. Waliona kwamba bakteria haiingii katika watoto wote wa shina moja. Kwa hiyo unakata ule mmoja tu unaoumwa, chini kabisa usawa wa udongo, mara tu dalili zinapoonekana. Wengine unawaacha wasimame. Wiki inayofuata unapita tena, ukiona mwingine unaukata. Mwanzoni utakata mingi na moyo utauma, lakini ukivumilia miezi kadhaa bila kuruka, wagonjwa wanapungua sana na shamba linaendelea kukulisha.

Masharti yake ni haya. Kila ukimaliza shina moja, pitisha mpanga kwenye moto mpaka chuma kiwe cha kuunguza mkono, au uchovye kwenye maji ya javeli. Lile ua jekundu livunje mara chane ya mwisho inapokamilika, na livunje kwa kijiti chenye panda, siyo kwa mpanga. Mbuzi wasichungwe ndani ya migomba migonjwa. Usikate majani ya shamba gonjwa kufungia mzigo wa kwenda kwa jirani. Na kama karibu shamba zima limekwisha kushikwa, hapo kukata mmoja-mmoja hakutasaidia. Tuite tuangalie pamoja.

Jambo moja msilichanganye. Wenye mashamba upande wa bonde la Ruzizi, mkiona majani yanakuwa mafupi, membamba, yamesimama na kubanana juu kama fagio, hiyo siyo mnyauko. Ni kirusi, kinachobebwa na vidukari na pia na vichipukizi. Chenyewe kinaingia katika shina lote na watoto wake, kwa hiyo pale lazima kung'oa lote, bila huruma.

Tumeamua nini? Kwanza, hatugawi tena kichipukizi ambacho hatujui kimetoka wapi. Tutatafuta vilivyo safi, hata kama tutapata vichache, na hata kama ripoti yetu itaonekana nyembamba. Pili, kila kijiji chenye wanachama kitachagua watu wawili wa kupita mashambani kila wiki. Kukata kwako hakuna faida kama jirani hakati, maana nyuki hajui mpaka wa shamba. Tatu, zile familia tatu tulizozipelekea ugonjwa zitapata mbegu ya maharagwe kutoka kwenye kasha la mituweli, wapate kula wakati migomba inapona. Hiyo siyo sadaka, ni deni.

Kwenu wafadhili, hatuombi dawa ya kupuliza. Tunaomba vichipukizi safi, mabido ya javeli, na nauli ya agronomu ili apite kila mwezi, siyo mara moja siku ya kupiga picha. Na mtakapokuja kupima kazi yetu, msihesabu vichipukizi tulivyogawa. Hesabuni vinavyosimama baada ya mwaka.

Kwenu wanachama, mwenye shamba lililonyauka asione haya. Ugonjwa huu haukuletwa na uvivu wala uchawi wa jirani. Sema mapema.

Jumamosi salongo itaanza kwa yule mama aliyetuita wa kwanza. Kila mtu aje na mpanga wake, na mmoja alete kiberiti.