Mpiga Baragumu Ndani ya Kidonda

Mwezi uliopita nilikuwa Sanya Juu kumjulia hali shemeji yangu, ambaye kisukari kimemwachia kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kando ya kitanda niliona kopo la unga. Kijana mmoja alimwuzia kwa bei ya mbuzi mzima, akimhakikishia kuwa ni "seli shina" na kwamba akinywa mwezi mmoja nyama mpya itaota.

Jina lenyewe si la uongo. Seli shina ni chembe hai zenye uwezo wa kuzaa chembe za aina nyingine, nazo zimo katika uloto wa mifupa yetu sote. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Humo seli za ndugu hukaa kweli na kutengeneza damu mpya.

Lakini uloto una kundi jingine la seli, na hizo ndizo zinazojaribiwa kwenye vidonda. Mmarekani Arnold Caplan, aliyezipa jina mwaka 1991, mwaka 2017 alitaka jina hilo hilo libadilishwe. Ilikwisha kuonekana kwamba nyingi zikipandikizwa hutoweka upesi bila kugeuka nyama. Kazi yao ni kupiga mbiu. Hutoa protini ambazo chembe za jirani huzipokea kama ujumbe: uvimbe upungue, mishipa midogo ya damu ichipue, chembe zilizojeruhiwa zisife. Zamani huku mlimani mfongo wa maji ukibomoka, baragumu lililia na watu wakatoka na majembe kwenda msaragambo. Mpiga baragumu hakuziba tundu peke yake.

Nikamwuliza, "Shemeji, maiti hupiga baragumu?" Seli hizo zikihifadhiwa muda mrefu huwekwa katika baridi kali ya naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, hazisafiri ndani ya kopo kwenye gari la abiria kutoka Boma Ng'ombe. Na hata protini zake zingekuwamo, tumbo lingezisaga kama linavyosaga maharage.

Alinuna. Mbuzi ni mbuzi, na mimi si daktari. Kilichonitia hofu hasa si fedha. Kwa wiki tatu za kunywa unga hakwenda kusafishwa kidonda wala kupimwa sukari, na kidole kimoja kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

Jumatatu alfajiri tulishuka kwenda KCMC, Moshi. Kopo alilibeba mwenyewe, akamwonyeshe daktari.