Kuvuna Viwavi Wagonjwa: Dawa ya Virusi kwa Makonde ya Mboga Unguja

Mada kwa semina ya maafisa ugani na wakulima wa mboga, Mwanakwerekwe



Nadhani wengi wenu mmeshamwona kiwavi aliyening'inia kichwa chini kwenye ncha ya jani, mweusi, laini, ukimgusa tu anapasuka na kutoa maji kama uji. Tukimwona tunapita. Leo naomba tusimame hapo, maana yule kiwavi amejaa dawa.

Aliyemuua ni kirusi cha jamii ya bakulovirusi. Virusi hivi hukaa ndani ya vidonge vya protini vidogo mno, ambavyo hata hivyo huonekana kwa hadubini ya kawaida. Kiwavi akila jani lenye vidonge, magadi makali ya utumbo wake huyeyusha protini na virusi huingia mwilini. Baada ya siku nne hadi saba hivi kiwavi hupanda juu ya mmea, hufa, na mwili wake huwadondokea wenzake waliopo chini. Mtu, kuku na nyuki hawadhuriki.

Kuwatumia viumbe dhidi ya wadudu si jambo geni hapa Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alionyesha jinsi chungu waitwao maji moto wanavyoulinda mnazi dhidi ya mdudu anayedondosha nazi changa. Mdudu huyo sasa ana jina la Way, Pseudotheraptus wayi. Wazee wa minazi walikuwa wakiwajua maji moto kwa kuumwa tu.

Kwa virusi, mfano wa karibu uko bara. Ugonjwa wa viwavijeshi unajulikana Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960, lakini kwa kawaida huzuka msimu ukiwa umekwenda, mazao yameshaliwa. Miaka ya 2000, wataalamu wa Arusha pamoja na Natural Resources Institute na Chuo Kikuu cha Lancaster vya Uingereza waliutanguliza: walinyunyiza virusi mapema. Ili kupata dawa zaidi, unanyunyizia jeshi la viwavi lililojaa malishoni, kisha unarudi kuwaokota wagonjwa. Kipimo kilichofanya kazi ni vidonge trilioni moja kwa hekta. Kiwavi mkubwa mmoja huweza kutoa bilioni moja na zaidi, kwa hiyo hekta moja inadai viwavi elfu moja au pungufu. Brazil ilikwenda mbali zaidi. Kwa kiwavi wa soya, shirika la utafiti la Embrapa liliwafundisha wakulima tangu miaka ya 1980 kuokota maiti, kuzigandisha, kuzisaga na kuzichuja. Viwavi 50 walitosha hekta nzima, na kilele cha matumizi kilipita hekta milioni mbili kwa mwaka.

Sasa mtaniuliza: kwa nini tusiige kesho? Kwa sababu adui wetu haji kwa jeshi. Funza wa vitumba hukaa mmoja mmoja ndani ya tungule, na ukiwaweka wawili kopo moja, jioni utamkuta mmoja amenenepa. Kiwavijeshi vamizi wa mahindi ana tabia hiyo hiyo. Wala virusi vya viwavijeshi wa bara havitatusaidia, kwani kwa kawaida kirusi cha aina hii huwa na kiwavi wake. Lazima tuwafuge, kila mmoja na kikombe chake, chakula chake na mtu wa kumtazama. Gharama ya dawa hii ni vikombe na mikono; kirusi chenyewe ni karibu bure.

Na mikono hiyo iwe na macho. Ukimlisha virusi kiwavi mdogo mno, atakufa mapema na mavuno yatakuwa kiduchu. Ukimchelewesha, atageuka pupa kabla hajafa. Mvune akiwa amelegea, anakaribia kufa au ndiyo kwanza amekufa. Akishapasuka, nusu ya dawa iko sakafuni na bakteria wameingia karamuni. Kisha mgandishe, msage kwa maji safi, mchuje kwa kitambaa cha malmal, na uhesabu vidonge kwa hadubini. Siungi mkono ndoo ya uji wa viwavi isiyohesabiwa wala kupimwa bakteria, hata kama jirani ameona matokeo. Watu wanakwenda kula tungule hizo.

Jua letu nalo linaua virusi, kwa hiyo pulizeni jioni, na mapema, mayai yanapoanguliwa. Funza akishatoboa tungule na kuingia, dawa haimfikii.

Ninachopendekeza ni kidogo: tuwatafute wagonjwa wetu wenyewe, wapelekwe kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani wakachunguzwe. Chupa zipo kwenye meza ya mlangoni. Kiwavi mmoja, chupa moja, ifungeni na kuiweka penye baridi, msiiache kwenye dirisha la daladala. Juu yake andikeni shehia, zao na tarehe.