Mlima Utubebeao Mizigo

Hotuba iliyotolewa mbele ya Washarika na wageni katika adhimisho la miaka mia moja ya Usharika



Nimeombwa niseme neno kwa niaba yetu sisi tuliokuja mjini humu kutoka bara. Nitasema juu ya mji wa Mbeya na milima ya misitu iliyo jirani nao, yaani Rungwe, Uporoto na Kitulo, ambako nilizaliwa. Huenda mtu akauliza milima hiyo, iliyo mbali zaidi ya kilomita 800, inahusianaje na jubilei ya Kariakoo. Naomba tuanze na jina la mahali hapa.

Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916 walifanya hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Basi sisi tunasali mahali palipopata jina kwa watu waliobeba mizigo ya wengine.

Leo mlima nao unatubebea mizigo. Viazi vinavyoshushwa hapa katika magunia ya lumbesa, ndizi za Tukuyu, maparachichi na chai, sehemu kubwa imeota katika udongo na ukungu wa nchi ile. Hata taa zinazotumulikia zina deni huko. Maji ya nyanda za Kitulo na miteremko ya kaskazini ya Uporoto hushuka katika bonde la Usangu, yakawa Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na Kidatu, kisha yakaingia Rufiji, lilipo bwawa la Julius Nyerere. Mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Sababu ni zaidi ya moja, na kubwa ni maji mengi kuchukuliwa kwa kilimo huko Usangu. Lakini mto uliopungukiwa bondeni haustahili kunyang'anywa pia chanzo chake mlimani.

Tena misitu ile ina siri zake. Mwaka 2003 watafiti walimkuta Rungwe kima ambaye sayansi haikuwa imemwandika. Walikwisha kusikia habari zake kwa wawindaji wa pale, ambao walimwita kipunji. Mwaka 2006 ilibidi apewe jenasi yake peke yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Kitulo nako, ambako wenyeji hupaita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, palifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Wazee wetu walivijua vitu hivi kabla havijaandikwa. Ilikuwa juu yetu sisi wasomi kuwasikiliza.

Hapa, wapendwa, sina budi kuungama. Mwaka 1979 nilipanda treni ya TAZARA pale Mbeya, nikaja mjini humu na sanduku la mbao na mkungu wa ndizi. Baadaye nilikwenda Makumira, nikabarikiwa kuwa mchungaji, nikapata watoto. Mwaka 1991 ndugu zangu waliniandikia wakiomba ridhaa yangu ili wakate miti ya asili iliyozunguka chemchemi ya ukoo na kuuza mbao. Sehemu ya fedha ingekuwa ada ya wanangu. Nilikuwa nimesoma teolojia ya uumbaji, na mtihani wake nilifaulu. Nikaandika: Kateni.

Kiwanja cha ndege cha Songwe kilianza kazi mwaka 2012, na safari yetu ya usiku na mchana ikawa ya zaidi kidogo ya saa moja. Mwaka 2014 nilikipitia kwenda kumzika mama yangu. Nilifika mapema nikawakuta akina mama wakipanda kilima na ndoo vichwani. Walikuwa wameteka mtoni, mbali, maji ya kupikia wafiwa na wageni. Nikamwuliza mdogo wangu, "Chemchemi ina nini?" Akanijibu kwa upole, "Kaka, si ulituandikia tukate?" Nikaelewa kwamba mama yangu alikuwa ameupanda mlima ule na ndoo yake katika uzee wake, nami kila mwezi nikimtumia fedha za sukari na kujiona mwana mwema.

Mtunga Zaburi ya 121 aliinua macho kuitazama milima, akijua kwamba msaada wake watoka kwa Yeye aliyeiumba. Sisi wa mjini twaitazama milima tukiwa na msiba, kisha twawahi ndege ya kurudi.

Nina ombi moja kwa karne ya pili ya Usharika huu. Kila mwaka tutenge sadaka moja kwa ajili ya vyanzo vya maji, ipelekwe kwa sharika za milimani tulikotoka, iwe ni Rungwe, Uluguru, Usambara au Upare. Wazee wa huko waulizwe ni miti gani ya asili iliyokuwa pale, nayo ndiyo ipandwe, wala si mikaratusi inywayo maji. Na tuendapo kuzika, tukae siku moja zaidi tukaione chemchemi.

Ya kwetu tumeanza kuipanda upya. Miti imesimama, maji bado ni machache. Mimi huenda nisiyaone yakijaa, lakini wajukuu wa mdogo wangu huipalilia.

Mtume Paulo atuagiza kuchukuliana mizigo. Mlima umetubebea kwa miaka mia moja. Sasa ni zamu yetu. Mungu aubariki Usharika huu. Amina.