Utayari Hupimwa Kabla ya Amri

Katika kazi ya ulinzi, amri hutolewa asubuhi na kutekelezwa kabla ya jua kutua. Ni rahisi basi kwa mkuu wa kikosi kudhani kwamba askari aliyesimama wima na kuitika amri yuko tayari kwa mabadiliko. Lakini kutii ni jambo moja, na kuwa tayari ni jambo jingine. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Burundi imeliona jambo hili kwa vitendo. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliagiza kwamba kabila lolote lisizidi asilimia 50 katika vyombo vya ulinzi na usalama. Baada ya mapatano ya kusimamisha vita ya Novemba 2003, sheria za tarehe 31 Desemba 2004 ziliunda Jeshi la Ulinzi la Taifa na Polisi ya Taifa. Jandarmeri ikavunjwa. Watu waliokuwa wakiwindana kwa bunduki wakawekwa katika kambi moja, chini ya bendera moja.

Sheria iliweza kuwachanganya watu hao. Haikuweza kuwaondolea hofu. Wa zamani jeshini alihofia cheo chake na malipo yake ya uzeeni. Aliyetoka msituni alihofia kudharauliwa na kurudishwa nyumbani. Hofu ya namna hiyo haionekani kwenye gwaride.

Kwa hiyo hapana budi mkuu aulize mapema. Je, askari wanaijua sababu ya mabadiliko? Wanao ujuzi wa kazi mpya? Wanaogopa kupoteza nini? Wanawaamini wakubwa wao? Mwenye cheo cha chini na aseme kwanza, maana mkubwa akishanena, wadogo hurudia maneno yake. Tena asiadhibiwe kwa jibu la kweli. Na matendo yatazamwe: utoro, ugonjwa usiokwisha na uzembe hueleza yale ambayo mdomo umeyaficha.

Aidha, utayari haupimwi mara moja ukasahauliwa. Mwezi Mei 2015, zaidi ya miaka kumi baada ya sheria zile, askari wa jeshi hilo hilo walipigana wao kwa wao mjini Bujumbura.

Kipimo cha mwisho kiko mikononi mwa raia. Mwaka 1995 wakazi wengi wa Kamenge waliyakimbia makazi yao wakati wa operesheni za kijeshi. Kwa watu kama hao, jina jipya la polisi na sare mpya si ushahidi wa kitu. Mama wa Kamenge aliyeibiwa akienda kituoni bila kutetemeka, akasikilizwa na kurudi kwake kwa amani, hapo ndipo itakapojulikana kwamba askari aliyempokea amebadilika kweli.